Slemu ya vijana kwenye tamasha la fasihi Nairobi: dakika tatu zinabeba beti ngapi?

Kijana anayejiandikisha kwa mara ya kwanza kwenye slemu, yaani shindano la kusoma mashairi jukwaani kwa alama, huuliza zawadi ni pesa ngapi. Angeuliza kwanza saa huanza kuhesabiwa lini. Washairi wazuri huanguka kwenye jukwaa hili kwa sababu ya sekunde chache walizozidisha, shairi lenyewe likiwa halina kasoro, na karani wa saa haangalii vina.

Hapa tunapima kifurushi kizima anachopewa kijana wa miaka 13 hadi 19 anapoingia tamasha la fasihi la jiji: warsha za mchana, maiki ya wazi, kisha slemu ya jioni yenye majaji na alama. Nairobi si mgeni wa mambo haya. Jarida la fasihi la Kwani? lilikuwa na jioni zake za maiki ya wazi, shindano la Slam Africa likatawaza wafalme na malkia wake, tamasha la Macondo likatua Kenya National Theatre mwaka 2019, na tamasha la NBO Litfest likaingiza fasihi kwenye maktaba za umma zenyewe: McMillan katikati ya jiji na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Hatupimi usiku mmoja wa mwandaaji mmoja. Tunapima mfumo, maana kanuni za slemu zinafanana karibu kila mahali. Zilitokana na jioni za Jumapili ambazo Marc Smith, mfanyakazi wa ujenzi wa Chicago, alizianzisha katika ukumbi wa Green Mill mwaka 1986. Toleo la vijana likakuzwa na Youth Speaks wa San Francisco, waliozindua mashindano ya Brave New Voices mwaka 1998.

Kanuni zenyewe ni chache. Shairi liwe lako. Hakuna ala ya muziki, hakuna maleba, hakuna kitu cha kushika isipokuwa karatasi yako na maiki. Muda ni dakika tatu, na juu yake kuna sekunde 10 za huruma. Hizo zikipita, kila sekunde 10 au sehemu yake inakatwa nusu alama: ukimaliza kwa 3:14 umepoteza 0.5, ukimaliza kwa 3:25 umepoteza 1.0. Majaji ni watano na wanaokotwa miongoni mwa wasikilizaji. Kila mmoja hutoa alama kati ya 0 na 10, zenye desimali moja. Ya juu kabisa na ya chini kabisa zinatupwa, tatu zilizobaki zinajumlishwa, kwa hiyo kikomo ni 30. Kabla ya mashindano kuanza hupanda mshairi mmoja asiyeshindana, ambaye kazi yake ni kuwapasha majaji moto ili wapate kipimo cha kuanzia. Mwandaaji ana hiari ya kubadilisha hiki na kile, kwa hiyo omba kanuni kwa maandishi kabla ya siku yenyewe, na uulize wazi: muda ni uleule raundi zote?

Turudi kwenye saa. Haianzi kwenye mstari wa kwanza wa shairi. Inaanza pale unapoanza kuwasiliana na watu: salamu, kikohozi cha kuigiza, hata kimya cha makusudi ukiwa umekwisha kuwakazia macho. “Nairobi mko? Sijawasikia! Mko?” inakula sekunde saba au nane, na hiyo ni zaidi ya theluthi ya ubeti. Kiitikio cha kupokezana na umati kinakula zaidi, kwa sababu watu ukumbini hawaitiki upesi kama rafiki zako walivyoitika kwenye mazoezi. Hesabu sekunde tano kila kinaporudi. Ukikiweka mara nne, sekunde 20 zimekwenda. Makofi ya katikati nayo ni juu yako. Karani hasimamishi saa kwa sababu watu wamecheka. Ndiyo maana shairi linaloisha kwa 2:55 chumbani huishia 3:15 jukwaani, na mwenyewe akashuka akilaumu majaji. Lifanyie mazoezi mpaka liishe kwa 2:40. Hakuna anayekatwa alama kwa kumaliza mapema.

Kwa mshairi wa Kiswahili kuna mtego mwingine, na unatoka kwenye ushauri wa mtandaoni. Karibu kila mwongozo wa slemu utakwambia andika maneno 350 hadi 400. Umeandikwa kwa ajili ya Kiingereza, lugha ya maneno mafupi. Chukua neno “hawatatusikiliza”. Ni neno moja, lakini lina mizani, yaani silabi, nane: ha-wa-ta-tu-si-ki-li-za. Hiyo ni nusu nzima ya mshororo wa tarbia, shairi la mishororo minne kwa ubeti. Anayefuata ushauri wa maneno 400 kwa Kiswahili atajikuta na mizani elfu moja na ushei, na kwa kasi ya kawaida ya jukwaani, kama mizani minne kwa sekunde, huyo yuko kwenye dakika nne na nusu. Kwa hiyo acha kuhesabu maneno. Hesabu mizani, kama walivyofanya waliotutangulia, ingawa wao hawakuwa na karani mwenye simu ya kuhesabia sekunde.

Hesabu yenyewe ni hii. Tarbia ya mizani 16 ina mizani 64 kwa ubeti. Tamka mshororo kama huu kwa sauti ya kawaida: “Mji una macho mengi, nani analala hapa.” Nane za ukwapi (kipande cha kwanza), pumzi fupi, nane za utao (kipande cha pili), sekunde nne hivi. Mishororo minne ni sekunde 16, ongeza pumzi za kati na kituo cha mwisho wa ubeti, unapata 20. Beti nane ni 2:40. Tisa ni dakika tatu kamili, na hapo umati ukikupigia makofi umekwisha. Utenzi, wenye mizani 32 kwa ubeti, unakuruhusu beti 16 kwa muda huohuo. Shairi huru la Kiswahili likae kati ya maneno 200 na 230, kutegemea unavyonyambulisha vitenzi vyako.

Kughani ni habari nyingine. Ukiingiza mahadhi na kuvuta silabi za mwisho wa kila kipande, ubeti wa tarbia unafika sekunde 35 hadi 40. Dakika tatu zinakupa beti nne tu. Watu wa arudhi, yaani wanaofuata kanuni za vina na mizani, huumia hapa, kwa sababu shairi huru unaweza kulikata mstari wowote lakini tarbia hukatwa kwa ubeti mzima, na ukitoa ubeti wa tano huenda umetoa hoja iliyobeba wa sita. Njia inayofanya kazi ni kughani ubeti wa kwanza na wa mwisho, kutamka wa katikati, na kuhakikisha jumla haizidi beti sita: mbili za kughaniwa ni sekunde 80 kwa makadirio ya juu, nne za kutamkwa ni 80 nyingine. Imetoka 2:40 kamili. Mageuzi hayo ya sauti nayo yanapendeza sikio kuliko mahadhi mamoja mfululizo, ambayo msikilizaji asiyeyazoea huyachoka kufikia ubeti wa tatu.

Sasa majaji. Wazo la kuokota watu watano ukumbini ni zuri kwa nadharia: ushairi ni wa watu, basi watu wahukumu. Lakini ukumbi wa tamasha la jiji kama Nairobi una wanafunzi wa Eastlands, wazazi wao, wageni wa mabalozi, waandishi kutoka nchi tatu nne na mtu aliyeingia kukwepa mvua. Shairi la Kiswahili cha ndani, au la Sheng ya mtaa mmoja, haliwafikii wote. Tazama kinachotokea. Majaji wanne wakilielewa na mmoja asilielewe, alama zinaweza kuwa 9.2, 9.0, 8.9, 8.8 na 6.9. Inatupwa 9.2, inatupwa 6.9, inabaki 26.7. Yule asiyeelewa amefutwa na kanuni, hakuna madhara. Wakiwa wawili wasioelewa, alama ni 9.2, 9.0, 8.8, 7.1 na 6.9. Zikitupwa mbili za pembeni inabaki 24.9. Shairi lilelile, usomaji uleule, tofauti ya alama 1.8. Hiyo ni zaidi ya adhabu ya kuzidisha nusu dakika.

Mwandaaji anayejali huchagua majaji baada ya kuwauliza lugha wanazozielewa, na huhakikisha angalau wanne wanafahamu Kiswahili kama orodha ina mashairi ya Kiswahili. Ni swali la nusu dakika mlangoni. Kijana naye asikae kimya: uliza kabla ya kura ya kupanga zamu kupigwa. Na ukishajua hali ilivyo, chagua shairi kulingana nayo. Sheng ina utamu wake, lakini neno linalowachekesha watu wa Kaloleni linaweza kuwapita watu wa Kangemi walioketi safu moja nao. Ukitaka kulitumia, liweke mahali ambapo ishara au mstari unaofuata unalieleza bila kulitafsiri.

Zamu pia ina uzito wake. Alama hupanda kadiri usiku unavyosonga. Majaji huanza wakibania, kisha ukumbi ukichangamka wanalegea, na shairi ambalo lingepata 7.8 mwanzoni linapata 8.6 baada ya saa moja. Mshairi wa kupasha moto hupunguza tatizo hili, halimalizi. Ukichota karatasi namba moja, usipande na shairi lako la taratibu lenye mafumbo. Panda na lile lenye taswira nzito na mwisho unaosikika kuwa ni mwisho. La taratibu litunze kwa raundi ya pili, ambapo zamu aghalabu hupinduliwa.

Kuna jambo moja ambalo mfumo huu haulitaji na linatusumbua. Alama hupenda maumivu. Shairi la kifo, la kubakwa, la baba mlevi, mara nyingi hupata zaidi ya shairi la foleni ya maji au la mama mboga anayehesabu chenji, hata kama la pili limeandikwa vizuri zaidi. Vijana huligundua hilo upesi, kisha wanaanza kufungua vidonda vibichi mbele ya watu 200 ili kupata 0.4. Baada ya kushuka, hakuna anayewaketisha chini. Tamasha lenye slemu ya walio chini ya miaka 18 linapaswa kuwa na mshauri nasaha ukumbini, na jina lake litangazwe kama linavyotangazwa la fundi wa sauti. Kijana naye ajiulize kitu kimoja: mstari huu ukirudiwa kesho shuleni na mtu asiyenipenda, nitausimamia? Kama jibu ni hapana, huo ni mstari wa daftari.

Sauti ndiyo sehemu inayoharibika mara nyingi zaidi na inayorekebishika kwa urahisi zaidi. Maiki za kumbi hizi ni zile za kawaida za mkononi, zinazosikia kilicho mbele yao na kupuuza kilicho nyuma. Shika mpini. Ukifumbata kichwa kwa kiganja kama wafanyavyo wanarapu, unaziba matundu ya nyuma, sauti inafumbana na spika zinaanza kulia. Weka umbali wa vidole vinne kutoka mdomoni. Ukikaribia zaidi sauti inakuwa nzito, na hilo linafaa kwa mstari wa kunong’ona. Ukitaka kupaza, rudi nyuma kiasi cha kiganja. Kiswahili chetu kina “p” na “b” tele, na “pumzi”, “pambana”, “baba” hupasua spika ukizitamka moja kwa moja kwenye maiki. Ielekeze kidogo kando ya mdomo, kama unaongea na kidevu chako. Kirekebishe kisimamio kabla ya kusema neno lolote, maana saa bado haijaanza; anayehangaika na skrubu huku akisalimia watu anajilia muda mwenyewe.

Waliolelewa na tamasha za drama za shule wana tatizo lao. Kule wamefundishwa kupeleka sauti hadi ukuta wa nyuma bila maiki, mikono ikipaa kwa kila nomino, kichwa kikigeuka kushoto na kulia, na waamuzi waliofunzwa wanatoza alama kwa matamshi, miondoko na ufasiri. Ni shule nzuri. Lakini kila kichwa kinapogeuka mbele ya maiki iliyosimama, nusu ya neno inapotea, na sauti ya kufikia ukuta wa nyuma ikiingia kwenye kipaza sauti inatoka kama matangazo ya mnada. Mwenye mazoea hayo aitoe maiki kwenye kisimamio, aishike kwa mkono mmoja, na aubakishe mkono mwingine tu kwa ishara. Vitendo vitapungua vyenyewe.

Kumbi zina tabia zao. McMillan, iliyofunguliwa 1931, ina nguzo, sanamu za simba mlangoni na dari refu. Kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu peke yao, hadi baraza la jiji lilipoichukua mwaka 1958. Kijana wa Makadara akisimama humo na shairi la Sheng, jengo lenyewe linashiriki, na sisi ni mashabiki wa ukumbi huo bila kujificha. Ila dari refu na kuta ngumu hurudisha sauti. Punguza kasi, na usianze mshororo kabla mwangwi wa uliotangulia haujatulia. Kisha kuna jirani: Msikiti wa Jamia uko ubavuni. Adhana ya adhuhuri huingia karibu saa sita na nusu, ya alasiri kabla kidogo ya saa kumi. Mwongozaji anayejua mahali alipo husimamisha ratiba dakika chache. Asiyejua humpandisha mtoto wa watu ashindane na mwadhini. Ukipangiwa dakika hizo, omba kubadilishana. Si aibu.

Maktaba za Kaloleni na Makadara, zilizokarabatiwa na Book Bunk, shirika la Wanjiru Koinange na Angela Wachuka lililoanzishwa 2017, ni ndogo na za karibu zaidi. Hapo shairi la kunong’ona linafika. Ni nyumbani kwa vijana wengi wanaoshiriki, na umati wake huitikia kiitikio bila kusihiwa. Kasoro ni kelele za mtaa zinazoingia madirishani na nafasi finyu ya kusubiria. Kwenye jukwaa la mtindo wa theatre shida ni taa: zikikupiga machoni huoni karatasi wala watu. Fika mapema, simama pale pa kusomea, tazama kama maandishi yanasomeka.

Karatasi, tukiwa hapo hapo, inashinda simu. Skrini huzima katikati ya ubeti, na ujumbe wa M-Pesa huingia juu ya mshororo wa kituo. Chapisha kwa herufi za ukubwa wa 16, upande mmoja tu, kurasa zenye namba, bila kubana pini, na beba nakala mbili. Karatasi hutikisika mkono ukitetemeka. Ibandike juu ya kadibodi na hakuna atakayejua. Kusoma kutoka karatasini kunaruhusiwa, hata kama wenzako watakwambia ni udhaifu. Udhaifu ni kusahau ubeti wa nne na kusimama sekunde 15 ukiutafuta darini.

Slemu za timu, mtindo uliopata umaarufu kupitia Louder Than a Bomb ya Chicago kuanzia 2001, huwa na kipande cha kundi, na hapa Kiswahili kina mtaji ambao vijana wengi wanausahau: ngonjera. Pande mbili zinabishana, kila ubeti unajibu uliopita, hoja inapanda mpaka isuluhishwe au ivunjike. Ni muundo uliokwisha kujengwa kwa jukwaa. Yanayoharibika ni mawili. La kwanza ni maleba: ngonjera za shule huzoea kanga, fimbo na kofia, na slemu haivitaki hata kimoja, kwa hiyo mhusika ajulikane kwa sauti na kimo cha mabega. La pili ni makabidhiano. Kila sauti inapobadilika sekunde moja hupotea. Mabadiliko 12 ni sekunde 12. Sauti inayofuata ianze juu ya silabi ya mwisho ya iliyotangulia. Wanne kwa maiki mbili wasimame wawiliwawili, na kusema kwa pamoja kuwe kwa maneno machache tu ya kituo, kwa sababu watu wanne wakitamka mshororo mzima kwa pamoja hakuna neno linaloshikika.

Maiki ya wazi haina mengi ya kueleza, na huo ndio uzuri wake. Orodha ya kalamu na karatasi iko mlangoni, hujaa mapema, hakuna alama, na ukikosea unacheka na watu. Jiandike katikati ya orodha: wa kwanza hukuta viti vitupu, wa mwisho hukuta watu wakitazama saa za matatu. Itumie kupima shairi la jioni mbele ya masikio halisi, mwenzako akikuhesabia muda kwa simu.

Warsha za mchana ndizo bidhaa yenyewe. Dakika 90 hadi 120, watu wasiozidi 15, mwandishi aliyechapisha vitabu au mshairi wa jukwaani akikaa na rasimu yako. Wakizidi 20 inageuka hotuba, na hapo uliza kama kuna kikao kingine. Nenda na shairi lililokwama, usiende na lile unalojivunia. Lililokwama ndilo litakalofaidika. Nakala tatu zinatosha, moja ya mwongozaji na mbili za majirani. Warsha nzuri utaijua kwa dalili moja: kabla ya kusifiwa, unaambiwa shairi lako linaanzia ubeti wa tatu. Mara nyingi ni kweli. Beti mbili za mwanzo huwa ni mshairi anatafuta mlango. Ukizikata umeokoa sekunde 40, na tatizo la saa tuliloanza nalo limekwisha bila kuongeza kasi ya ulimi.

Makaratasi yasidharauliwe. Aliye chini ya miaka 18 anahitaji idhini ya mzazi au mlezi, kwa ushiriki na kwa picha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai hivyo kwa taarifa za mtoto. Soma kifungu cha video. Itawekwa wapi, kwa muda gani, na unaweza kuomba iondolewe? Fomu inayosema mwandaaji anamiliki shairi, usiitie sahihi. Kupiga picha usomaji na kumiliki maandishi ni mambo mawili, na hakimiliki ni yako tangu ulipoliandika. Malipo ya nauli au zawadi hupitia M-Pesa, na mtu wa miaka 16 hana kitambulisho cha taifa, kwa hiyo jaza namba ya mlezi tangu siku ya kwanza na uhakikishe jina linalotokea ni lake. Ucheleweshaji mwingi wa zawadi za vijana huanzia hapo.

Slemu ya jioni ikipangwa kuisha saa mbili usiku, panga kutoka saa tatu. Nauli hupanda jioni, ikinyesha hupanda tena. Timu ya shule iulize kama usafiri wa kurudi umo kwenye mwaliko, na kama haumo, iombe zamu ya raundi ya kwanza.

Tukitumia kipimo cha slemu yenyewe: warsha 9.3, maiki ya wazi 8.6, kumbi 8.1, sauti 7.2, majaji 6.5. Ya juu inatupwa, ya chini inatupwa, jumla 23.9 kati ya 30. Kanuni imetoa nje majaji, sawa, lakini imetoa na warsha, kitu bora kuliko vyote kwenye orodha. Kama nauli inatosha safari moja tu, njoo mchana, kwenye warsha.